Kaburini kwa Mjomba, Timbwani

Dada Zuhura,

Pole, na salamu kutoka Likoni. Mjomba Hamisi tumemzika jana baada ya adhuhuri. Nakuandikia kwa sababu hata ungekuja, ninyi wanawake makaburini hamfiki, na kuna jambo ningependa ulione.

Huku Timbwani ukichimba hadi kiunoni mchanga umekwisha, unakutana na mwamba. Mwanandani, ule ubavu wa kaburi anamolazwa maiti, ulichongwa kwa mtaimbo. Niliposhuka kumpokea mjomba nikauona ukuta wake: matumbawe yamesimama wima kama yalivyoota, na katikati yake kombe, gamba la kiumbe wa baharini, kubwa kama bakuli, pande zake mbili zimefumba.

“Hili halikuletwa na wimbi,” Bakari mchimba kaburi aliniambia kwa sauti ya chini. “Lingeletwa, ungeliona upande mmoja tu. Hawa walikuwa wakiishi papa hapa, kabla hapajawa nchi kavu.”

Wallahi nililigusa kwa kidole kabla hatujamlaza.

Kadi hii ina picha ya feri, nawe unamjua mjomba. Miaka yote ya kazi bandarini alivuka ameshika chuma kwa mikono miwili, macho kayafumba, akisoma dua. Kuogelea hakujua mpaka anakufa. Sasa tumemlaza kwenye sakafu ya bahari ya kale, ameelekea kibla, na mbele ya uso wake lile kombe.

Wabusu watoto. Na mama mwambie nduguye amelala pakavu.

Nduguyo akupendaye,
Athumani