Likizo Aliyopewa Kocha Wetu

Jumatatu, Oktoba 2009. Idi imepita, joto bado limeganda juu ya mji, na mimi nimerudi nyumbani Ghubra, hapa Maskati, na hasira ambazo hata chai imezishindwa. Mume wangu amenisikiliza mpaka amechoka, amehamia kwenye televisheni. Basi nakuja kwako, shajara yangu.

Asubuhi nilimkuta Kocha Hamza kwenye maegesho ya chuo, anatabasamu peke yake. Nilishangaa. Tangu ligi ya vyuo ianze, timu yake haijashinda hata mechi moja, na sura yake siku hizi ni ya mtu anayeumwa jino. Akaniambia amepewa likizo aende Tanga akamwone mama yake, apumzike, arudi na nguvu mpya.

"Wamenionea huruma kweli, Mwalimu Raya," alisema. "Hivi yale mablanketi mazito ya maua nitayapata wapi? Mama kaniomba muda mrefu."

Nikamwelekeza duka la Ruwi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya michezo, na sikuwa na habari ya likizo yoyote, ila nilidhani wenzangu walikubaliana siku nisiyokuwepo. Nikafurahi naye. Nilimwambia hata rangi ya kuchagua.

Alasiri tukakutana nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Sheikh Saif, kule Madinat Sultan Qaboos. Yeye hapendi vikao vya ofisini. Ni mtu wa Sharqiya, bara ya mashariki ya Oman, na kwake heshima ya mgeni inakuja kabla ya jambo lolote, kwa hiyo tulikula tende, tukala halwa, tukaulizana hali za watoto wote. Ndipo akatueleza mpango. Kocha akishafika Tanga, chuo kitafuta viza yake, asiweze kurudi. Basi. Atapigiwa simu na mtu wa ofisini, na nafasi yake ataichukua Mzungu mmoja jirani yake Sheikh, ambaye zamani alifundisha mpira kwao.

"Hivi hapatakuwa na maneno," alisema kwa Kiarabu chake cha upole, "wala mtu hatavunjiwa heshima."

Wala mtu hatavunjiwa heshima!

Niliangalia wenzangu. Kila mtu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama vile tunazungumzia kubadilisha rangi ya jezi. Watu hawa hawa kila wiki wanampiga Hamza begani na kumwita ndugu yetu. Kumtazama mtu machoni na kumwambia hatukutaki tena, hilo hawaliwezi, ni aibu. Kumfungia mlango akiwa njiani na mablanketi ya mama yake, hilo si aibu.

Nitakuwa mkweli hapa. Sina hakika kwamba Hamza ni kocha mzuri. Ni mbishi. Anang'ang'ania mshambuliaji mmoja mbele hata tukiwa tumefungwa, na akikosolewa ananuna. Kama mtu angesema wazi mbele yake kwamba hafai, tukabishana, tukapiga kura, ningeweza hata mimi kunyoosha mkono. Lakini timu hii inafanya mazoezi saa nane mchana, kwenye jua la Maskati, kwa sababu saa za jioni kamati hii hii imeukodisha uwanja kwa timu za viwanda vya Rusayl. Vijana wanafika kwenye mechi miguu imeshachoka tangu juzi. Hamza ameomba uwanja wa jioni mara ngapi? Kila mara anajibiwa inshallah. Tumemnyang'anya uwanja, sasa tunamfukuza kwa sababu hashindi.

Haya yote nilitaka kuyasema. Na mimi, kama watu wengi waliolelewa na wazee wa Unguja, siwezi kusema nikiwa na hasira bila mikono yote miwili. Sheikh alikuwa ndio kwanza amenimiminia kahawa kutoka kwenye dele. Nikaiweka finjani chini, imejaa, mbele yake, nikafungua mdomo.

Baraza zima likanigeukia.

Sheikh Saif akaacha kumimina. Akanitazama, akaitazama kahawa, akanitazama tena. Bwana Nassor, mhasibu wetu, ambaye mama yake na mama yangu walikuwa majirani Ng'ambo ya Unguja, akaniinamia na kuninong'oneza kwa Kiswahili:

"Weye Raya, una wazimu? Ushaweka finjani chini mbele ya mwenye nyumba! Sema haja yako basi, mzee wa watu anangoja."

Hapo ndipo nilipofahamu. Kwa watu wa kwao, mgeni akiiweka kahawa chini bila kuionja, ana ombi. Mwenye nyumba hawezi kumwacha aondoke nayo imepoa; akikubali ombi humwambia anywe. Nilishawahi kusikia habari hizo, lakini nyumbani kwetu kikombe kinawekwa popote, juu ya gazeti, juu ya cherehani. Ningeweza kuomba radhi, nicheke, niinywe. Nassor alikuwa tayari anacheka kwa niaba yangu.

Sikucheka. Nilisema, "Hamza amalize msimu. Na likizo hiyo asipewe."

Sheikh akaitazama tena finjani. Nilimwona anavyokasirika, na nilimwona pia anavyoshindwa, maana wote walikuwa wanamtazama. Mwishowe akasema, "Kunywa kahawa yako." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Utamwambia wewe."

Nikainywa. Ilikuwa imeshaanza kupoa.

Nilipokuwa natafuta funguo za gari ndipo nilipokumbuka uwanja. Uwanja! Mtu anapewa ombi moja kwa bahati, mbele ya mashahidi, na mimi sikusema neno juu ya uwanja. Nimempatia Hamza msimu mzima wa jua la saa nane. Nilipiga usukani kwa kiganja mpaka kikauma.

Halafu nikampigia simu. Nilisikia kelele za duka nyuma yake. Nikamwambia likizo imefutwa, abaki na timu.

"Mbona asubuhi walinipa?" aliuliza. "Mablanketi nimeshanunua, Mwalimu. Mama nimeshampigia." Kisha sauti yake ikabadilika. "Nani kaninyima?"

Ningeweza kumweleza kila kitu. Nikawaza mechi ya keshokutwa, nikawaza vijana wanaomtazama usoni, nikajiambia maneno mazuri mazuri ya kumhurumia. Nikamjibu, "Mimi."

Akasema, "Haya, Mwalimu. Ahsante," kwa sauti ambayo hajawahi kunisemesha nayo, akakata.

Najiuliza tangu nilipoingia ndani. Niliwakasirikia wenzangu kwa nini hasa? Si kwamba walitaka kumfukuza. Ni kwamba walitaka kumficha, kisha wakauita ule uficho heshima. Na mimi nimefanya nini kwenye simu ile? Nimemhurumia kwa kumficha, vile vile kama Sheikh, ila bila dele na halwa.

Anadhani kamati ni marafiki zake na mimi ndiye adui. Anapanga timu kwa ajili ya watu walioshakubaliana kumtupa, na hajui kwamba anapigania kazi yake.

Kesho saa nane nitakwenda uwanjani kabla hawajaanza kukimbia. Nitasimama naye kwenye jua hilo hilo na nitamwambia likizo ile ilikuwa nini. Akinuna, anune. Akitaka kuacha kazi mwenyewe, ni haki yake. Na kikao kijacho, kahawa ikija, nitaiweka chini tena, na safari hii najua nitakachoomba.