Mkeka wa Sebuleni

Jumanne, Mkuza

Nimeogopa bure. Tangu mama mkwe aje kutoka kijijini kwao Masaki nafanya yoga kwa kujificha, asije akasema nimebadili dini.

Leo jioni nilikuwa nimepiga magoti, paji la uso mkekani, mgongo unavutika, kiuno kinaachia polepole. Kuinua kichwa, mama kasimama mlangoni na kikombe cha chai, imeshapoa.

"Nilidhani unasali, nikaogopa kupita mbele yako," akasema. "Ila kibla si huko."

Nikamwambia ukweli, nanyoosha mgongo tu.

Akaweka kikombe chini, akakaza kanga kiunoni. "Sogea basi, mwanangu. Wangu unaniuma tangu tung'oe mihogo."

Ameshalala. Mkeka kaenda nao chumbani kwake.