Mmea Ulio Kwenye Picha Yako

Mjukuu wangu Beda, mume wangu uliyenikimbia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mgeta tuko wazima. Jana mama yako aliteremsha njegere mjini Morogoro, na mbuzi wako amezaa pacha.

Umeuliza kama naujua ule mmea mkavu ulionitumia picha yake, uliouona kwenye makumbusho ya huko Ulaya unakosoma, ulioandikwa kwamba ulitoka milima yetu. Naujua sana. Mimi ndiye niliyemwonyesha yule mtafiti mgeni aliyeuchukua, nikiwa msichana.

Ni dawa ya wanawake waliojifungua. Sisi huchimba mizizi ya upande mmoja tu, kisha tunafukia ili mmea uendelee kuishi. Yeye aliung'oa wote, akaulaza kwenye magazeti. Nilikuwa nimesimama pale na jembe langu mkononi. Nilidhani kumkataza mgeni ni kukosa adabu.

Kesho yake mama yangu alipita pale, akaliona shimo. Alikuwa mkunga, na mmea mwingine wa aina hiyo ulikuwa mbali, mwendo wa nusu siku.

“Ni yule mgeni,” nikamwambia.

“Mgeni hajui,” akasema. “Wewe je?”

Akalifukia lile shimo kwa mguu, akaondoka.

Unasema mwakani utakuja na walimu wako kukusanya mimea. Karibuni, nitawapikia. Ila magoti yangu hayapandi tena mlima, kwa hiyo safari hii atakayesimama pale na jembe ni wewe.

Bibi yako