Onja Jibu Kabla ya Kulipakua

Junda, Kisauni

Mjukuu wangu Mnyazi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku sote hatujambo, na goti la babu yako limepoa.

Umeniuliza kama kwetu kuna mwanamke aliyewahi kuiweza aljebra, maana x² – 9 juu ya x – 3 imekutoa machozi. Umekata x kwa x, tisa kwa tatu, ukapata x – 3, ukawekewa mkasi, alama ya kukosa. Basi jibu hilohilo mwalimu wetu wa kidato cha pili aliliandika ubaoni, darasa zima likalinakili. Mimi nikasita. Mama yangu hakupakua mchuzi bila kuuonja, nami nikaionja hesabu: mahali pa x nikaweka 5. Swali likatoa 16 juu ya 2, yaani 8. Jibu la ubaoni likatoa 2!

Nikanyoosha mkono.

"Kadzo!"

"Abee, mwalimu. Jibu halilingani."

"Haya, njoo utuonyeshe."

Ile ya juu nikaiandika (x – 3)(x + 3). Kinachokatwa ni mabano mazima yanayozidishwa, si vipande vilivyo ndani yake. Nikakata x – 3 juu na chini, ikabaki x + 3. Nikaweka 5: nane! Darasa likalipuka kwa makofi. Mwalimu akafuta jibu lake kwa mkono wa shati, akaniachia chaki.

Kwa hiyo ukijiuliza tena ni mwanamke gani wa kwenu aliyeiweza aljebra, anza na mimi, kisha ujitaje.

Nyanya yako,
Kadzo