Kurasa za Mwisho za Kitabu cha Mjane

Rujewa, Jumatatu

Dada Zuhura, hujambo na wanao?

Mvua imelikwamisha basi letu. Nimehifadhiwa na Mama Neema, mjane. Yeye hutwanga mpunga, mimi namsomea ile riwaya mpya ya mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake. Isome, dada, inakishinda hata kile kitabu cha maisha ya mkunga. Jana shemeji yake Mama Neema, atakayemrithi Ijumaa, alichana kurasa za mwisho za riwaya hiyo kabla hatujazifikia, akasokotea tumbaku, huku anacheka.

Tangu jana Mama Neema ananiuliza, “Yule mwenzangu alipona?”

Inunue hapo Iringa, uniandikie mwisho wake. Najua jibu litafika Ijumaa imeshapita. Andika tu, dada yangu, bado atauliza.

Nawapenda nyote.
Mdogo wako, Asha