Kofia ya Omari, Mfarishi wa Saida

Jumatatu, 8 Aprili 1974

Nimetoka kiwandani, nimenawa grisi, nimekaa dirishani na kitambaa. Kama jana, kama juzi. Vidole vimekakamaa kwa ile mashine ya mabati, lakini hivi si vidole vya kawaida. Zamani Mombasa walikuwa wakija watu kutoka Lamu kuvitazama tu.

Kazi ni mbili. Kofia ya mkono ya Omari, anayemwoa mpwa wangu Saida. Na mfarishi wa Saida mwenyewe, lile tandiko la viraka wanalolipenda Waingereza, ila langu la vipande vya leso. Harusi ni Agosti, Glasgow. Kiwanda kikifungwa kwa likizo mimi na Saida tutakwenda polepole na gari la Gurdip, Singasinga wa Nairobi ninayefanya naye kazi Aston, hapa Birmingham. Lilikuwa gari la kusambazia mikate. Sasa lina vitanda, jiko na mapazia. Ukuta wa kofia nitaushona hapa nyumbani. Duara la juu, na kuunga viraka, ni kazi ya njiani.

Katika ukoo wetu mjomba wa bibi harusi ndiye amvishaye bwana harusi kofia, na lazima aishone mwenyewe. Babake Saida alikufa. Mamake, dada yangu, yuko Mombasa na hatoweza kuja. Kwa hiyo upande wa bibi harusi ni mimi. Nitatosha. Nimewahi kuwa watu wengi.

Alhamisi, 11 Aprili

Bi Rehema wa Glasgow, shangazi yake Omari, amempigia simu Saida bweni la wauguzi. Ati mjomba asijisumbue, kofia ya mashine imeshanunuliwa, wanaume wa Birmingham wameshasahau sindano. Nimekasirika hadi chai imenipalia. Nikamwambia Saida amjibu kwamba mimi niliwahi kumshonea nahodha Mgiriki kofia ndani ya dhoruba ya wiki nzima, mkono mmoja nimeshika mlingoti.

"Mjomba, mwezi uliopita dhoruba ilikuwa ya siku mbili."

Dhoruba hukua.

Halafu akaacha kucheka. Akasema anataka yangu, asiingie kule kama mtu aliyeokotwa. Neno limenikaa kifuani.

Jumapili, 14 Aprili

Omari kaja kwa treni kutoka Glasgow. Kijana mzuri, anasomea uinjinia. Nywele za mtindo wa siku hizi, duara kubwa, mlangoni zinatangulia zenyewe. Nimempima kwa uzi, nikafunga fundo. Kichwa cha msomi hicho.

Gurdip alikuwapo, anakunywa chai. "Rafiki, wewe napima kichwa ama napima kichaka?"

Nikamwambia asiyevaa kofia asinifundishe kofia. Akagusa kilemba chake. "Mimi nywele yangu iko ndani hapa tangu nazaliwa. Mimi najua nywele, bwana."

Tumecheka sana. Fundo liko palepale.

Jumamosi, 15 Juni

Ukuta unakwenda. Maua yanafuatana, katikati ya kila ua vitundu vidogo kama macho ya mdudu chungu. Saida ameniletea miwani. Nimemweleza kuwa mimi niliwahi kuiona Pemba nikiwa Mombasa, bila darubini. Akaiacha mezani. Nimeivaa ili nisimvunje moyo.

Vitundu vimeongezeka uzuri. Ni bahati tu.

Jumamosi, 20 Julai

Gurdip ametoa amri: ndani ya gari kila mtu na bati moja la biskuti la kazi zake, basi. Alidhani nitashindwa. Mimi!

Uzi nimeuzungusha kwenye vijiti vya kiberiti. Sindano nimezichomeka kwenye kipande cha sabuni, ziteleze. Duara la juu nimelichora kwa penseli, nikaanzia katikati, mizunguko ya pembeni nimeibakiza. Viraka vya mfarishi nimevimaliza kimoja kimoja, kila kimoja kina kipande cha blanketi kuukuu ndani na bitana chini, kwa hiyo njiani hapahitajiki meza, magoti yanatosha. Hakuna aliyewahi kubuni jambo hili. Jirani anasema mabibi wa mtaa wa Hodge Hill hufanya hivyohivyo. Basi wameniiga.

Katikati ya mfarishi nimeacha pengo la kiraka kimoja. Hapo patakaa kitu kikubwa. Sijui nini.

Alhamisi, 25 Julai

Omari kanyoa.

Bi Rehema kamwamuru, kwa ajili ya harusi. Upara mtupu. Saida kaniambia kwa furaha, hajui alichosema. Ukuta wa kofia umekwisha wote, ua la mwisho limekutana na la kwanza. Tumempigia simu ajipime kwa futi. Nimepima na mimi. Kofia hii itamshuka hadi puani.

Nikitoa ua moja, itacheza. Nikitoa mawili, itabana. Nikikata ua katikati, Bi Rehema ataona kutoka mlangoni.

Nina hofu. Naandika kwa kuwa hapa hapana anayesoma. Saida sijamwambia. Gurdip nimemwambia. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumapili, 28 Julai

Mvua. Tuko njiani, tumeegesha kando ya ziwa, gari linanukia dengu. Saida kaenda matembezi na mwavuli. Bati langu liko kwenye rafu juu ya kitanda cha Gurdip. Nimeisifu rafu, nipate la kusema. Gurdip akasema si rafu, ni kitanda. "Kitanda ilikuwa refu, mlango hapana funga. Mimi nakata, hii kipande naweka juu. Hakuna tupa."

Nimeinuka mpaka nimegonga kichwa kwenye paa.

Nimetoa maua mawili. Mazima, bila kugusa hata jani. Mahali palipobana nitatia kijiti, ukanda mwembamba wa vitundu vitupu, kisimame nyuma ya kichwa kama mlango. Duara nitalipunguza pembeni, ambako sindano haijafika. Na yale maua mawili nimeyalaza kwenye pengo la mfarishi. Yameenea. Yameenea kama yaliyozaliwa hapo!

Saida kurudi kaona. Nimemwambia nilipanga hivi tangu Aprili. Gurdip kakohoa.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeshinda.

Bi Rehema hakuitazama kofia kwa nje. Aliipindua akatazama ndani, kama anayejua. Nami ndani ndiko ninakotisha. Akafika kwenye kile kijiti, akaweka kidole.

"Hii nyuma ni mtindo wa wapi?"

"Wetu," Saida akamjibu kabla yangu. "Sehemu iliyotoka hapo iko kitandani kwangu."

Wanawake wakaenda kuuona mfarishi. Nimesikia vigelegele kutoka chumbani. Nimemvisha Omari kofia kwa mikono yangu, ikakaa, haikucheza, haikubana. Bi Rehema mwenyewe kanijazia sahani ya pilau. Ameniuliza kama nitamshonea mwanawe. Nimesema nitaangalia nafasi. Watu wa Glasgow watasimuliana haya hadi wazeeke, na mimi nitawasaidia.

Jumapili, 11 Agosti

Tunarudi Birmingham. Gurdip anaendesha. Kitanda cha Saida kimekunjwa. Bati ni jepesi, limebaki sabuni na sindano moja.

Asubuhi Saida alikuja hadi garini kuniaga. Alikuwa amejifunika mfarishi mabegani kwa ajili ya baridi, yale maua mawili mgongoni. Akageuka akaenda. Niliyatazama hadi alipoingia mlangoni.

Kwa miwani.