Goti Langu Hawakuligusa

Kisiwa cha Takawiri,
kupitia Mbita, Homa Bay.
14 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Nyarangi,

Pokea salamu zetu sote wa huku kisiwani. Habari ya Lodwar na joto lake? Kile kikohozi kimeisha, au bado unakunywa dawa za dukani? Na wanafunzi wako, wanakusikiliza au bado wanakupandisha presha? Kaka yako Wangwe ni mzima, namsikia hapo nje anaranda mbao. Watoto wamerudi shule. Mimi pia ni mzima, na ukifika mwisho wa barua hii utajua ni mzima kiasi gani.

Nimeandika kwa sababu simu yako hukatika kila nikifika penye utamu, na jambo hili sitaki likatike.

Kwanza nikujibu. Mwezi wa tano ulinitumia ujumbe kwamba niachane na mashua ya wagonjwa, nikae nyumbani nilitunze goti. Najua ulisema kwa upendo. Lakini uliniuma, wifi, maana wiki hiyohiyo kamati ilikuwa imeniambia maneno yaleyale bila upendo.

Unakumbuka niliumia Februari. Tulikuwa tunamvusha Lynnet, uchungu umembana, na tulipofika ufuoni Mbita niliruka majini kuizuia mashua isigonge. Goti likatua juu ya jiwe. Lynnet alifika hospitali akajifungua msichana. Kwangu, kifupa cha mbele ya goti, ile pia, kilipasuka. Nilikaa na plasta wiki sita, na ilipotolewa, paja langu lilikuwa limesinyaa hata nikaona haya kulitazama.

Basi mwezi wa tano mwenyekiti wa kamati ya mashua, mzee Cephas, akaniita mkutanoni akasoma karatasi ya daktari mmoja wa bara. Iliandikwa kwamba nguvu ya misuli ya goti langu ni mbili kati ya tano, kwa hivyo sifai kushika usukani. Zamu zangu akapewa mpwa wake, Maxwell. Nyarangi, daktari huyo aliniuliza jina na umri, akatazama picha ya eksirei, akaandika. Hakunigusa goti hata kwa kidole!

"Ni nani alinipima?" nikauliza.

Mzee Cephas akakunja karatasi polepole. "Jedidah, wewe ni nyar chula, binti wa kisiwa hiki. Tunakuheshimu. Umefanya ya kutosha, sasa pumzika."

Nikamwambia sipumzishwi na mtu ambaye hajanishika mguu. Nilitoka nikichechemea, lakini sikugeuka nyuma.

Wangwe alikuwa amesikia kwamba Migori mjini kuna fizio, tabibu wa viungo, jina lake Bosibori, anayepima kila msuli kwa mikono yake mwenyewe. Nikaenda mwezi wa sita. Nikuambie ukweli, sikwenda kutibiwa. Nilikwenda kutafuta karatasi yenye tano niwatupie usoni.

Bosibori ni mdogo wa mwili, ungemwona ungedhani ni mwanafunzi wa sekondari. Alinikalisha ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, akaanza na ule mzima. Akaweka mkono mmoja chini ya paja, wa pili juu kidogo ya kifundo. "Nyoosha. Kaza hapo hapo. Usikubali niushushe." Akasukuma kwa nguvu zake zote. Mguu haukutikisika, nami nikatabasamu. Akahamia ule ulioumia. Nikaunyoosha, ukapanda, ukatetemeka. Alipolaza mkono juu yake tu, hata hajasukuma, mguu ukaanguka.

"Tena," nikasema.

Ukaanguka tena. Akanilaza kifudifudi, nikakunja goti, naye akawa anauvuta mguu unyooke. Hapo nilishindana naye kidogo, kisha akanishinda.

Akanieleza vizuri. Sifuri ni msuli usiojibu kabisa. Mbili ni mguu usioweza kujiinua. Tatu hujiinua, lakini haustahimili mkono wa mtu. Nne hustahimili kiasi. Tano ni ule ambao mkono hauushindi. "Wako ni tatu kwa misuli ya mbele na nne kwa ya nyuma," akasema. "Aliyeandika mbili alikosea. Lakini hiyo tano unayoitaka pia huna."

Nilimwomba aandike tu. Nilimwomba kama mtoto, najionea aibu kukuambia. Akaweka kalamu chini. "Nikiandika tano, halafu wimbi likupige ukiwa na mgonjwa, nitakuwa nimefanya kama yule daktari. Nitakuwa nimeandika kitu ambacho mkono wangu haukukikuta."

Nilimkasirikia mpaka nikafika stendi. Pale stendi nikajua kwamba ndiye mtu wa kwanza aliyeniheshimu tangu Februari.

Sikurudi kisiwani. Nilikwenda Kegonga kwa mama, na hapa nakupa habari za mama yako ambazo yeye, kwa uchache wa maneno yake, hawezi kukupa mwenyewe. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakuniambia pole. Alishona kimfuko, akatia kilo moja ya mahindi, akanifunga nacho kifundoni. Asubuhi na jioni nilikaa kwenye benchi la jikoni nikiinua na kushusha, na kila baada ya siku chache aliongeza mahindi. Kisha akataka nimfundishe kupima kama Bosibori. Wifi, ile mikono iliyolima miaka hamsini! Siku moja maumivu yalinizidi, nikamwambia mama, imetosha.

Hakuondoa mkono. "Wakija kuuliza ni nani aliyekuonea huruma," akasema, "mimi usinitaje."

Nikakaza.

Wiki saba baadaye Bosibori akanipima upya. Misuli ya nyuma, tano. Ya mbele alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mguu ulishuka kidogo tu mwishoni. Akaandika nne na alama ya kujumlisha. Safari hii sikuomba nyongeza. Nilimwomba aje kisiwani aseme hivyo mbele ya watu, naye akakubali.

Tulikutana darasani shuleni, Ijumaa tarehe 29 Agosti. Kulijaa hata madirishani. Mzee Cephas akasoma karatasi mpya, akaiweka chini. "Nne si tano."

"Ni kweli," nikasema. "Mwenyekiti, usukani unashikwa na watu wangapi?"

"Watatu. Wewe, ulipokuwa mzima. Maxwell. Na mimi."

"Na ni wangapi wamepimwa?"

Akacheka, akasema hiyo ni michezo ya kushikana miguu. Halafu, ili kuonyesha ni michezo, akapanda mwenyewe akakaa juu ya meza, suruali ameikunja. Bosibori akaweka mikono yake. "Kaza, mzee." Mguu ukashuka. Akakaa vizuri, akashika ukingo wa meza, akataka apimwe mguu wa pili. Nao ukashuka.

"Nne," Bosibori akasema. "Bila kujumlisha."

Nyarangi, darasa zima lilivunjika kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilipanda juu ya meza ileile, nikanyoosha mguu wangu, nikamwambia mzee Cephas asukume yeye, kwa mikono yake. Alisukuma akashindwa kuushusha. Jasho lilinitoka, lakini niliushikilia mpaka yeye mwenyewe akaachia.

Ndipo Lynnet akasimama na mtoto mgongoni. "Siku ile hakuna aliyempima kabla hajaruka majini," akasema. "Mimi nitavuka naye." Akakaa. Baada ya hapo kura haikuchukua muda. Nimerudishiwa zamu zangu, na kila anayeshika usukani atapimwa kwa mkono mara mbili kwa mwaka, awe mzee au kijana, jeraha awe nalo au asiwe nalo. Maxwell alipimwa akapata tano zote. Nilisema mbele ya wote kwamba abaki, kwa sababu ni fundi na sina ugomvi naye.

Mzee Cephas tangu siku hiyo hunisalimia akitazama pembeni. Sawa tu. Sikwenda pale kutafuta rafiki.

Tangu hapo nimevusha wagonjwa wanne. Kukiwa na baridi goti huuma, nami silifichi. Lakini usiniandikie tena nikae nyumbani. Niandikie niendelee, au usiandike lolote juu ya goti.

Msalimie shemeji Mokaya na watoto. Wangwe anakusalimu, na Valary wangu anauliza shangazi atamletea nini. Mpigie mama, hata akijibu kwa kifupi. Ananiuliza habari zako kila mara. Mungu akulinde huko jangwani, akutie nguvu kazini, na atukutanishe salama.

Desemba ukija, nitakuwa ufuoni Mbita nakungoja. Utapanda mashua yangu, na ukiogopa maji utashika bega langu. Usukani niachie mimi.

Wifi yako akupendaye na asiyepumzishwa na karatasi,
Jedidah